Shule Isiyo na Milango

Potrero Jovái, 10 Machi 1974

Dada yangu mpendwa Nimia,

Siku unaondoka ulinishika mabega pale kituoni ukaniambia, "Librada, usije ukaniandikia 'sisi wazima, hofu kwenu' ukaishia hapo. Niambie yote." Basi naapa mbele ya picha ya Bikira iliyo juu ya kitanda cha bibi: nitakuambia yote, hata yale yatakayoniaibisha.

Bibi anakusalimu. Goti lake linamsumbua, lakini bado anamfukuza jogoo wa jirani kwa fagio, na jogoo bado anarudi.

Shule imefunguliwa na tuna mwalimu mkuu mpya. Don Crispiniano amestaafu, yule aliyekuwa akisinzia ofisini mpaka kuku wanapanda mezani. Huyu mpya anaitwa Don Eladio Fretes, ametoka mji mkuu. Huvaa viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, kwa hiyo humsikii akija. Unainua macho tu, na yupo. Siku ya kwanza, bendera ilipopanda, aliwaambia walimu mbele yetu sote: "Kuanzia leo hakuna mwalimu atakayefundisha peke yake. Nitakuwa naye."

Nilipenda maneno hayo. Na kweli yamefanya kazi, dada. Unamkumbuka Mwalimu Rogelio, aliyekuwa akifika jua likiwa kali, akinuka pombe ya miwa? Sasa anafika kabla ya kengele, amenyoa ndevu, na hesabu zake zote anazikamilisha ubaoni. Nikajisemea, hivi ndivyo shule inavyopaswa kusimamiwa.

Halafu nimepata heshima kubwa. Wakati wa mapumziko, mkuu huketi chini ya mchungwa na kumwita mwalimu mmoja mmoja kunywa naye tereré, majani na maji baridi katika pembe ya ng'ombe, na mimi ndiye niliyechaguliwa kumimina. Pembe ya kwanza hainywi mtu, namwachia Mtakatifu Tomaso kama tulivyofundishwa, ya pili nampa mkuu, kisha mgeni wake. Juzi mgeni hakuwepo, akazungumza na mimi. Kwa Kiguarani, kitamu kama cha bibi!

"Haya, binti. Wewe una macho makali. Hapa nani anafundisha vizuri kuliko wote?"

"Mwalimu Zunilda, bwana mkuu. Wa darasa la kwanza."

"Anafanyaje?"

Nikamweleza kila kitu. Kwamba watoto wa darasa la kwanza hawajui Kihispania hata neno, kwa hiyo yeye huanza kwa Kiguarani. Wanahesabu mbegu za machungwa, wanacheka, na wakishaelewa ndipo anawapa neno la Kihispania, kama mtu anayegawa peremende. Kwamba ndivyo alivyotufundisha wewe na mimi, na ikifika Agosti wote wanasoma.

"Kwa Kiguarani," alisema polepole. "Darasani."

"Ndiyo, bwana mkuu. Ndiyo maana wanaelewa."

Alivuta mrija mpaka pembe ikakoroma, akanirudishia bila kusema asante ya kutosheka, basi nikamjazia tena. Nadhani nimemsaidia Mwalimu Zunilda. Huenda akapandishwa cheo. Nami nikimaliza la sita nitahitaji barua ya mkuu ili nipokelewe chuo cha ualimu Villarrica. Nilimgusia. Alisema, "Tutaona, Librada. Wewe endelea kutazama."

Mdogo wako akupendaye,
Librada


Clorinda, 2 Aprili 1974

Librada, mwalimu wangu mtarajiwa,

Barua yako nimeisoma mikono ikiwa na povu, ndiyo maana wino wa ukurasa wa pili umekimbia. Nafua mashuka ya hoteli tangu asubuhi. Mwenye hoteli ananiita "wewe wa ng'ambo," nami namwita "bwana" na moyoni namwita jina jingine ambalo bibi asingependa kulisikia.

Usinionee huruma. Jumapili tunakutana uani kwetu, watu wa kwetu waliovuka mto wa mpaka, kila mtu na sababu yake. Tunakunywa tereré, tunawasema wakubwa wa huko nyumbani mpaka mbavu zinauma. Don Porfirio, yule aliyekuwa fundi redio, anawaigiza mmoja mmoja, tumbo na masharubu na yote.

Sasa nisikilize. Huyo mkuu wako mwenye viatu visivyolia, sisi watu wa namna hiyo tuna jina letu la kuwaita: wenye nyayo za manyoya. Mtu anayetembea asisikike anataka yeye ndiye asikie. Umemwambia ya Zunilda kwa nia njema, najua, wewe huna nia nyingine hata ukitafutwa kwa taa. Lakini usimwambie tena. Akikuuliza, sema unaumwa jino. Mtu mwenye jino bovu haongei.

Mpe bibi hii skafu. Usimwambie bei.

Dada yako,
Nimia


Potrero Jovái, 21 Aprili 1974

Dada Nimia,

Skafu imempendeza bibi, ameivaa hata jikoni. Barua yako alinipa mkuu mwenyewe, mkononi. Siku hizi mfuko wa posta unapitia ofisini kwake kwanza. Aliniambia, "Dada yako ana mwandiko mzuri. Na anajua kuchekesha." Nilifurahi kwamba anakusifu. Bahasha ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya muhogo. Kumbe hata huko Clorinda mnatumia ya muhogo!

Lile la jino sikulifanya, kwa sababu sijui kudanganya na ningecheka. Lakini hajaniuliza tena. Sasa anatazama mwenyewe.

Ameng'oa milango, dada. Milango yote ya madarasa. Mafundi walikuja Jumamosi, na Jumatatu tulikuta matundu tu. Imepangwa nyuma ya jiko la shule, mmoja juu ya mwingine. Mwalimu Rogelio aliuliza, "Na upepo wa kusini ukivuma Juni, bwana mkuu?"

"Utafundisha kwa bidii upate joto," akajibiwa. Walimu wakacheka. Mwalimu Zunilda hakucheka.

Darasa letu linatazamana na la kwanza, kuna ua tu katikati, kwa hiyo naona kila kitu. Mkuu huketi nyuma kule kwa wadogo, katika kiti cha watoto, magoti yake yakikaribia kidevu. Kila siku. Madarasa mengine huyapitia tu. Siku ya pili alisimama akasoma amri ya zamani, kwamba darasani ni Kihispania peke yake, na kwamba mwalimu anayeivunja anavunja zaidi ya amri ya shule. Nilijua amri hiyo ipo. Don Crispiniano hakuwahi kuitaja.

Mbegu za machungwa hazipo tena. Mwalimu Zunilda anaandika sentensi ubaoni, watoto wanainakili. Sentensi nyingine, wananakili tena. Hawajui wanachoandika, dada, wanachora tu kama mtu anayechora uzio. Kabla ya kila neno anatazama kwanza uwazi wa mlango, hata mkuu akiwa hayupo. Nadhani ni mambo ya mwanzo. Akimzoea, atafundisha vizuri tena. Si ndiyo?

Mdogo wako,
Librada


Clorinda, 9 Mei 1974

Librada,

Barua hii nimempa mkononi Bi Deolinda muuza mikate ya chipa, anayepanda na kushuka na basi la mji mkuu. Ikifika mikononi mwako huku imefunguliwa, ujue si yeye.

Sisi huku hatutumii gundi ya muhogo. Bahasha zangu nazilamba kwa ulimi, kama mtu yeyote.

Umenielewa? Soma tena mstari huo. Alijuaje kwamba najua kuchekesha?

Kuanzia sasa, kwa posta niandikie habari za jogoo na goti la bibi. Mengine yote mpe Bi Deolinda. Don Porfirio ameacha kuja Jumapili. Ana mama yake huko kwenu, na wiki iliyopita watu wawili wa chama tawala walikwenda kumuuliza yule kizee kama mwanawe bado anapenda kuigiza.

Sikulaumu. Ni mimi niliyeandika. Mwambie Zunilda ajichunge. Mwambie kwa mdomo.

Nimia


Potrero Jovái, 9 Juni 1974
(kwa mkono wa Bi Deolinda)

Dada Nimia,

Nimeusoma ule mstari mara nyingi. Usiku ule sikula. Bibi alidhani nina minyoo akanipikia dawa ya majani, nami nikainywa yote kwa sababu sikujua nimwambie nini.

Niliapa kukuambia yote, kwa hiyo naandika hili ingawa mkono hautaki.

Upepo wa kusini umeanza. Watoto wa la kwanza wanakaa wamejikunja kama vifaranga. Juzi mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo. Eduvigis, mjukuu wa fundi viatu, yule mwenye pengo, alinyoosha mkono akasema kwa Kiguarani, "Mwalimu, nataka kwenda haja."

Mwalimu Zunilda alitazama nyuma ya darasa. Kisha akasema kwa Kihispania, "Sikuelewi. Sema vizuri."

Eduvigis hakuelewa alichoambiwa. Akarudia.

"Sikuelewi."

Akarudia tena, amesimama, anabana miguu. Sisi la sita tuliacha kuandika. Hata Mwalimu Rogelio aliacha. Halafu tuliona maji yakishuka kwenye soksi zake mpaka sakafuni, na mvuke ukipanda kwa sababu ya baridi. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nataka hata mmoja acheke.

Mkuu akainuka, akafunga vifungo vya koti. Akasema, na sauti ikavuka ua mzima, "Leo, Mwalimu Zunilda, umefundisha."

Baada ya kengele nilimkuta Mwalimu Zunilda anapiga deki peke yake, kwa magoti. Nikachukua kitambaa nikamsaidia. Hakunitazama. Alisema, "Librada, nilimwelewa. Unajua kwamba nilimwelewa?"

Nikasema najua.

"Miaka yote hii sijawahi kuwa mwalimu mbaya. Don Crispiniano hakuwahi kuingia darasani kwangu hata mara moja, na sikuwahi kuwa mbaya. Huyu anaingia kila siku."

Nikamwambia, "Mwalimu, ni mimi niliyemwambia kuhusu Kiguarani. Nilikuwa nakusifu."

Alikamua kitambaa kwa muda mrefu. "Nilijua," akasema. "Aliniambia maneno yako yote siku ile ya kwanza, hadi lile la peremende. Nikajua ni wewe tu ungeweza kunisifu vizuri namna hiyo." Akatabasamu kidogo, dada, naapa. Kisha akauliza, "Nimia bado yuko ng'ambo?"

"Yuko. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Nimwambie unapokaa? Nijibu kwa Bi Deolinda.

Librada


Clorinda, 20 Juni 1974
(kwa mkono wa Bi Deolinda)

Mdogo wangu,

Mwambie. Usimwandikie popote, mwambie sikioni. Akivuka, aende sokoni mpaka kwenye tangi la maji, aulize mfuaji wa mashuka ya hoteli, wote wananijua. Kitanda kimoja, tutalala wawili. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu.

Asingoje kufukuzwa. Siku hizi kufukuzwa kazi si mwisho wa jambo. Huko ndiko linakoanzia.

Nawe usiwe shujaa. Mimina tereré, funga mdomo, maliza la sita.

Nimia


Potrero Jovái, 15 Julai 1974

Dada yangu mpendwa Nimia,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya kama sisi huku tulivyo wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Bibi hajambo. Shule inaendelea vizuri sana chini ya uongozi wa mkuu wetu, ambaye anakusalimu.

Kutakuwa na likizo fupi. Bibi anatamani sana kukuona. Tafadhali uje, na ukipenda uje na yule rafiki yako anayeigiza watu, tutafurahi kumwona. Niandikie ni basi la siku gani utakalopanda, ili mkuu mwenyewe aje kuwapokea kituoni kwa gari lake.

Mdogo wako mtiifu,
Librada Ocampos


Potrero Jovái, 15 Julai 1974
(kwa mkono wa Bi Deolinda)

Dada Nimia,

Ukipata barua ya jana kabla ya hii, usipande basi lolote. Wala Don Porfirio. Ile niliandikia ofisini. Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu, ananukia sabuni, akinipa neno moja moja. Bibi hatamani uje. Bibi anatamani ukae hapo hapo ulipo.

Sasa nitimize kiapo.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Mkuu alitaka kuwaonyesha kazi yake, na watu wa ofisi ya chama walialikwa. Alijengesha jukwaa uani, na unajua mbao alizitoa wapi? Ni ile milango. Wameipanga juu ya magogo, bado na vitasa vyake. Mwalimu Zunilda ndiye aliyepangiwa kufundisha juu yake, somo moja kwa Kihispania, walilolikariri wiki nzima.

Kabla ya kuanza, mkuu aliketi chini ya mchungwa na wageni wake, akamwita. Nikamimina. Zamu ya Mwalimu Zunilda ilipofika, mkuu alimpa pembe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote, akasema, "Kunywa, mwalimu. Wewe ni mfano wa shule hii sasa."

Akasema, "Asante." Kabla ya kunywa hata tone, dada. Akanirudishia mimi ile pembe imejaa pomoni. Asante ya mtu aliyekwisha kutosheka. Wageni wakatazamana. Mmoja akacheka, "Mwalimu wako hana kiu, Eladio," na mkuu akacheka pia, nami nikajimwagia maji kiatuni.

Mwalimu Zunilda akapanda jukwaani. Watoto wakasimama wakiwa wagumu kama vijiti. Akawatazama. Halafu akatoa mfukoni mbegu za machungwa, akauliza kwa Kiguarani, kwa sauti ile yake ya zamani, "Haya, vifaranga vyangu, nani atamhesabia mama yake?"

Ungewaona! Ilikuwa kama mtu ametoa kizibo. Walipiga kelele wote kwa pamoja. Wazazi walicheka, wengine walilia, kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa wanaelewa kinachosemwa shuleni. Kisha akaandika neno kwa Kihispania, na Eduvigis mwenye pengo akalisoma. Halafu la pili, akalisoma. Fundi viatu alisimama juu ya benchi akapiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Hata Mwalimu Rogelio alipiga makofi, akakumbuka, akaweka mikono mfukoni.

Watu wa chama hawakupiga. Walisimama karibu na lori lao, wamekunja mikono, wanatazama kama watu wanaongoja basi. Mkuu alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Mwalimu Zunilda aliposhuka alinipita karibu nikamwambia sikioni: soko, tangi la maji, mfuaji wa mashuka. Alinibana kidole, akaenda zake kuwavua watoto aproni zao za shule.

Jumatatu hakuja.

Nilikwenda kwake mchana. Mlango ulikuwa wazi, kuku hawajalishwa. Jirani yake anasema alfajiri alisikia gari kubwa likisimama, na hakuchungulia. Bi Deolinda anasema alfajiri hiyo hiyo, njia ya kiwanda cha sukari, aliona mwanamke mwenye shela nyeusi amekaa juu ya mkokoteni wa miwa, lakini alikuwa mbali na hawezi kuapa. Chini ya kitanda cha Mwalimu Zunilda viko viatu vyake vya shule, vimepigwa rangi, vimewekwa sawasawa. Nimekaa nikavitazama, dada. Sijui ni mtu anayekimbia ndiye anayeacha viatu vyake, au ni mtu anayechukuliwa.

Mkuu alituambia penye bendera kwamba Mwalimu Zunilda ameomba likizo ya ugonjwa. Kisha akaniita.

"Mpaka aletwe mwingine, darasa la kwanza utalishika wewe. Wewe unajua alivyokuwa akifanya. Ulinieleza vizuri sana."

"Mimi ni mwanafunzi, bwana mkuu."

"Na unataka kwenda Villarrica. Hii ndiyo barua yako, Librada. Unaiandika mwenyewe, kila siku, mbele yangu."

Kuna mlango mmoja umerudishwa. Ni wa darasa la kwanza. Leo asubuhi niliingia, naye akaingia nyuma yangu, akaufunga, akakaa kwenye kiti chake kidogo.

Niliandika sentensi ubaoni. Watoto wakaanza kunakili. Kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia chaki ikidondosha vumbi. Ndipo Eduvigis akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiguarani, "Mwalimu wetu amekwenda wapi?"

Nikainua macho, nikaona magoti ya mkuu. Na neno la kwanza lililonijia, dada, lilikuwa lile: sikuelewi. Lilikuwa limekwisha kukaa ulimini. Sasa najua jinsi lilivyomjia yeye.

Sikulisema. Nilimjibu kwa Kiguarani, "Bado sijui, Eduvigis. Nimeuliza. Nikijibiwa nitakuambia."

Mkuu hakuinuka. Alisema tu, kwa upole, "Endelea, mwalimu."

Nikaendelea. Kesho nitaingia tena. Bi Deolinda anarudi Alhamisi na atasimama kwetu kabla ya kwenda popote. Usiandike jina la mwalimu wetu, wala lako. Ukiona karatasi ni hatari, mwambie Bi Deolinda kwa mdomo ndiyo au hapana. Viatu vya Mwalimu Zunilda nimevificha chini ya kitanda cha bibi, nitavileta mwenyewe siku moja. Watoto wananingoja nami nakungoja wewe.

Amefika?

Librada